Nyumba ya Hereni Moja

Jumamosi, mwezi wa saba. Mbinga kuna baridi ya kuuma masikio, hasa la kushoto, nitaeleza. Ukungu umekaa mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga. Jana nimerudi kutoka Ngumbo, kwenye maziko, na mgongo unalalamika. Hata mdomo wangu, ambao ndio kiungo changu chenye afya kuliko vyote, unauma, maana nilicheka mchana kutwa bila kupenda.

Salome amekufa.

Nyie mnaosoma blogu hii mnamjua, nimemsengenya humu sana. Kwa wageni: Bibi Salome ni mjane wa kule chini ziwani, na ni mtani wangu. Ukoo wao na ukoo wetu zinataniana tangu kwa mababu. Mimi nina ruhusa ya kumwita chura, yeye ana ruhusa ya kuniita mzoga, na atakayekasirika analipa kuku. Kuku huyo hajawahi kulipwa na yeyote kati yetu.

Na mimi ndiye niliyeishika hereni yake moja.

Lakini kabla ya msiba nimjibu yule mama aliyeuliza kwenye maoni jinsi ya kutunza vito visichakae. Mama, dhahabu usiitese. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, mswaki laini uliozeeka, basi. Fedha iwekee kipande cha chaki ndani ya kopo, kinanyonya unyevu, haiwi nyeusi. Nilitoka shule darasa la nne na kitu pekee nilichobeba kikanifaa maishani ni hiyo chaki. Shanga usizioge nazo. Kila kitu kilale na kitambaa chake, visikwaruzane. Vito ni kama wake wenza. Mimi natumia flana ya pajama zangu za zamani, na kopo ni la maziwa ya unga.

Shaba ya njano ndiyo inataka kusumbuliwa. Ndimu na majivu ya maganda ya ndizi, sugua mpaka mkono uchoke, kisha pitishia kitambaa chenye tone la mafuta. Itang'aa hadi uione haya. Somo hili la shaba mlikumbuke, maana limenipiga teke.

Kopo langu limejaa, na vyote humo nimevipa majina. Kuna Bangili ya Mama Aliyesema Hauzi. Kuna Mkufu wa Bwana Harusi Aliyebadili Mawazo. Kuna Pete ya Bati, nzito, nyekundu kidogo kama dhahabu ya kikweli, niliyoichukua kwa kumpa mwenyewe mabati. Hiyo ndiyo mboni yangu, hainitoki kidoleni ila usiku inapolala koponi.

Nilivipata hivi. Enzi za maduka matupu, ukionekana na mkufu unaulizwa umeutoa wapi. Basi dhahabu ya wilaya hii ikalala ardhini, chini ya mafiga na ndani ya mabanda ya kuku. Ikaja ruksa ya kila mtu kuuza na kununua. Ikaja mitumba, redio, sabuni zenye harufu, bati jipya linalong'aa. Watu wakatamani vitu kuliko walivyotamani pepo, wakaanza kufukua. Mimi nilikuwa nimekaa pale Kitai, magari yanaposimama, nina khanga, sukari na mabati, nawangoja. Nilipenda zaidi miezi ile kahawa bado ipo mtini na watoto wanataka sare za shule. Miezi hiyo wanawake wanakuwa wakarimu sana.

Halafu Jumapili navaa. Nakaa kiti cha pembeni ili kila anayekwenda kukomunika apite jirani na mkono wangu. Kuna mama alikomunika huku analia machozi, padri akadhani ni neema.

Sijutii. Msiningojee nijute, mtakesha.

Nina wakamwana watatu, wake za wanangu, na kila mmoja nimemwambia kwa siri kwamba kopo ni lake nikifa. Chai yangu haijawahi kukosa maziwa.

Sasa hereni.

Mume wa Salome alikwenda kuchimba dhahabu Joni, Afrika Kusini, akarudi na kifua kibovu na hereni mbili za duara, nene, hazina nakshi wala mbwembwe. Salome alizivaa mpaka mume alipokufa. Wazee wa ukoo wa mume wakakaa kugawa mali. Nyavu hizi hapa, mtumbwi ule kule, mbuzi wale. Zikafika hereni. Wakazigawa kama majembe: moja kwa mjane, moja kwa wifi yake, dada wa marehemu. Haki imetendeka, leteni ugimbi. Hakuna aliyeona ajabu, hata mimi niliyekuwa nimeketi pale kama mtani na kata ya pombe mkononi. Wifi mwenyewe masikio hayakuwa yametobolewa.

Ruksa ilipokuja, wifi akapanda nayo Kitai, akaniachia kwa khanga na sukari. Kuanzia hapo ikawa vita. Kila mwaka baada ya mavuno nateremka Ngumbo kufuata dagaa, na hereni nimeibandika kwenye kola ya koti ili Salome aione kabla hajaniona mimi.

"Mtani," namwambia, "lete mwenzake. Watoto wa tumbo moja unawatenganishaje, huna huruma?"

"Lete wako. Wangu ana sikio la kukaa. Wa kwako analala kwenye kopo kama yatima."

"Sikio lenyewe limezeeka, litakatika."

"Likikatika nalishona kwa uzi wa nyavu. Shingo yako ikikatika utaishona na nini, mzoga we?"

Nikisogea anajifunika khanga upande wenye hereni. Kuishika hakuniruhusu hata mara moja. Naiona kwa mbali tu, anapoosha vyombo majini, inawaka jua likiipiga, inawaka kuliko ya kwangu. Iliniuma. Nikirudi nyumbani naisugua ya kwangu mpaka flana inatoboka, wapi, haifikii ile.

Mwaka mmoja nilimkuta na bangili nyeusi ya shaba, nikamcheka mbele ya wavuvi kwamba amevaa mkia wa sufuria. Nikamfundisha kwa madaha lile somo la ndimu na majivu. Alinisikiliza vizuri sana, akauliza na kuhusu mafuta. Nikajisifu moyoni: leo chura kaniheshimu.

Na kulikuwa na nyumba yake. Upande mmoja wa paa bati, upande wa pili nyasi. Jamani, nilivyoila ile nyumba! "Salome, na nyumba nayo umeivalisha hereni moja?" Alicheka mpaka akakaa mchangani. Mwaka uliofuata nikarudia, akacheka vilevile, anapiga mapaja, anafuta macho. Nikadhani nina kipaji.

Habari za kifo zilinifikia kwa dereva wa lori la dagaa. Nilimwombea kwa ufupi. Kisha nikapiga mswaki hereni yangu, nikapiga mswaki Pete ya Bati, nikavaa koti. Niseme kweli, nilifurahi. Mtani msibani ana ruhusa ya kuzuia jeneza mpaka alipwe anachodai, na hakuna ndugu anayeweza kumkatalia mbele ya maiti. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa muda mrefu kuliko ninavyoingoja yangu.

Nikateremka. Joto la ziwani likanivua sweta. Waanglikana walikuwa wanaimba vizuri, hilo nawapa, hata mkosefu anaweza kuwa na sauti. Nikaomba khanga ya marehemu, nikajifunga, nikaanza kutembea kama yeye: goti linagoma, mkono kiunoni, ninawatukana wavuvi kwamba samaki wao, mbasa, wanachekwa hata na dagaa. Waliokuwa wanalia wakacheka, wakarudi kulia, wakacheka tena. Hiyo ndiyo kazi yangu na ninaijua.

Jeneza liliponyanyuliwa nikalala njiani.

"Hapiti mtu. Huyu mama ana mali yangu."

Wakaniletea kuku. Nikakataa. Wakapitisha sahani ikarudi na sarafu. "Nimekuja kuchangiwa mimi?" nikauliza. "Nataka hereni. Nyingine hii hapa kwenye kola, muione wote. Leo zinakutana, au bibi yenu analala juani."

Kasisi akakunja mikono akasogea kivulini. Mwenyeji huyo, anajua.

Akaja Felista, binti wa Salome, macho mekundu, akachuchumaa kichwani pangu.

"Shikamoo mtani."

"Marahaba. Hereni."

"Mama alisema utalala hapahapa. Akasema utalalia ubavu wa kushoto, wa kulia una baridi yabisi."

Watu wakaangua kicheko. Akanipa pindo la khanga lililofungwa fundo. Nikalifungua kwa meno, hayo mawili yanayoelewana. Hereni hiyo hapo. Nikaiinua juu, wanawake wakapiga vigelegele, nami moyo ukanidunda kama wa bwana harusi.

Nikaipima kiganjani. Nyepesi.

Nikaing'ata. Nikainusa. Ilinuka ndimu.

Mimi, ninayejisifu humu kwamba naijua dhahabu gizani kwa pua tu! Ilikuwa shaba ya njano, duara halikufunga sawasawa, na pale mwisho palikuwa na alama ya tupa mahali ncha ilipokatwa.

"Nini hii?"

"Ndoano ya kambale, mtani. Baba alikuwa mvuvi."

"Na dhahabu iko wapi?"

"Umeivaa."

Akanyoosha kidole. Nikafuata kidole chake mpaka kwenye kidole changu. Pete ya Bati.

Nyuma yake alikuwa amesimama mumewe, Osmundi, mtu mnene wa Ukata, ameegemea koleo. Sikuwahi kukutana naye pale Ngumbo, lakini sura niliikumbuka mara moja. Ndiye yule mwuza dagaa aliyeniletea ile pete Kitai miaka ile. Nilimtolea pesa akazikataa. Alitaka mabati tu. Nilimwona mjinga, nikamwongezea moja kwa kumwonea huruma.

"Mama aliipeleka hereni yake Songea kwa sonara, ikayeyushwa ikawa pete," Felista akasema, sasa kwa sauti ya kusikika mpaka majini. "Alisema ikienda kwako kama hereni utaijua, atakuwa amekuonyesha njaa yake. Ikienda pete utaipenda mwenyewe. Akamwambia Osmundi: mtani hatoi bati kwa mjane, lakini kwa pete atatoa hata la jikoni kwake."

"Na kweli lilikuwa na masizi," Osmundi akasema.

Nilikuwa bado nimelala njiani. Nikageuza shingo, nikaiona nyumba. Upande wa bati jua limeupiga, unawaka. Bati langu. Nilikuwa nimeliteremkia kila mwaka, nimesimama chini yake, nimelicheka.

"Inuka baba," mzee mmoja akaniambia, "bati lako litakutia upofu."

Hapo wakacheka mpaka waliobeba jeneza wakalishusha. Kasisi aligeukia ziwani, mabega yanamtetemeka. Na mimi nikikasirika nalipa kuku. Basi nikacheka. Nilicheka kwa meno, kwa tumbo, kwa miguu, vumbi likaniingia kooni, nikaendelea kucheka. Nikainuka, nikaliendea jeneza, nikaligonga.

"Chura we. Una bahati umekufa, ningekuua mwenyewe."

Wakavuka naye.

Baada ya kuzika walinikalisha kula upande wa bati. Makusudi. Ugali na mbasa, na lile bati linatatarika kwa joto juu ya kichwa changu, kila likilia watu wananitazama. Wakati wa kuondoka Felista alinisindikiza hadi kwenye gari. Nikadhani ataniomba radhi, ni binti mwenye adabu.

"Mtani," akasema, "itunze ndoano yetu. Siku yako ikifika nakuja Mbinga kulala njiani. Nitaidai."

Leo asubuhi nimevipanga mezani. Hereni, pete, ndoano.

Nimekaa navyo mpaka uji umepoa. Dhahabu yote ya Salome iko kwangu, ya masikio yote mawili. Imekuwa ikilala humu muda wote, ndani ya kopo moja, kila moja na flana yake, na mimi nateremka milima kwenda kuitafuta kwa mwanamke aliyevaa ndoano. Kwa hesabu yoyote ile nimeshinda. Nilitamani kuteremka Ngumbo nikamwambie.

Kinachoniuma siyo ndoano. Kila nilipokuwa nasimama uani kwake, nimebandika hereni kwenye kola, pete iko kidoleni, namdai, yeye alikuwa anaona zote mbili. Ananitazama kola, ananitazama kidole, anasema lete wako. Mimi ningesema siku ya kwanza. Ningeshindwa kulala. Nilijiona ndiye mkatili wa wilaya nzima, kumbe nilikuwa nafunzwa na mama mwenye goti bovu, naye hata ada hakunidai. Zaidi ya bati.

Wakamwana wangu walikuja kunipa pole. Kila mmoja peke yake, kila mmoja na chupa yake ya chai, kila mmoja jicho kwenye kopo. Tangu walipogombana juu ya mpaka wa mashamba ya kahawa, hawa hawajaombana hata chumvi. Wakipishana njiani, mmoja anaangalia bonde, mwingine anaangalia kilima.

Wa kwanza alipotaka kuondoka nikamwambia kaa. Wa pili akafika, kaa. Wa tatu akasimama mlangoni akitafuta sababu ya kurudi alikotoka. "Kaa, mama. Leo nagawa."

Mlipaswa kuona walivyokaa.

Nikafungua kopo. Kila chenye pacha nikakitenganisha. Hereni za maua, moja kwa wa kwanza, moja kwa wa tatu. Bangili za fedha, moja kwa wa pili, moja kwa wa kwanza. Vikuku vilevile. Hakuna aliyetoka na pea. Mama Deo, yule wa kwanza, mke wa mwanangu mkubwa, akageuza hereni yake juu na chini kama anayetafuta mlango.

"Baba, mwenzake yuko wapi?"

"Kwa mwenzio."

"Sasa mimi nitaivaaje?"

"Utakwenda kumwomba."

"Nimwombe yeye?" Akamtazama wa tatu kwa mara ya kwanza tangu mambo ya mpaka.

"Au mwibie. Au mngoje afe. Mimi nimejaribu njia hiyo, inachosha magoti."

"Na kopo uliloniambia ni langu?" akauliza wa pili.

"Aliniambia mimi!" akasema wa tatu.

"Nyie aliwaambia lini?" akauliza Mama Deo.

Wakageukiana. Nikawafukuza wote, viganja vimefumbwa. Nilisimama dirishani. Walifika kwenye mgomba wa mwisho wakasimama, wakaanza kutukanana, kwa sauti, kwa majina, wanaoneshana walichopata, mmoja anampokonya mwenzake kikuku apime. Walikaa pale mpaka ukungu ukainuka. Chai ya leo mchana haikuletwa na yeyote. Nafikiri na ya kesho haitakuja.

Pete na hereni ya Salome sikuzigawa. Nimezifunga kwenye flana moja, zenyewe kwa zenyewe, zikwaruzane zikitaka.

Ndoano ndiyo nimeivaa. Nimetoboa sikio la kushoto mwenyewe, kwa sindano ya gunia niliyoichoma moto na pombe kidogo, nusu ya sindano nusu yangu. Linawaka kama kaa ninavyoandika hapa kwa kidole kimoja, na mwenye kompyuta hii kaniuliza mara ya pili kama niko sawa. Nimemwambia mimi ni kijana wa kisasa.

Kesho misa ya kwanza. Nitakaa kiti changu cha pembeni, safari hii nikigeuza kichwa ili wanaokwenda kukomunika walione sikio vizuri. Wale akina mama wacheke, wana haki. Nimeisugua kwa ndimu na majivu, nimeipaka tone la mafuta. Dhahabu inang'aa kivivu, haina shida na mtu. Hii inang'aa kama mtu anayeomba kazi.

Nami ninayo kazi ya kuipa. Ndoano ni ya watu, itakuja kudaiwa.